Reli inapojengwa kupitia kaunti nyingi, ajali ikitokea nani anaongoza uokoaji?

AfisaUsalama (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila mara mradi wa reli unapotajwa humu, mjadala huelekea kwenye deni, fidia ya ardhi na nauli, na hayo yote yanastahili kujadiliwa. Hata hivyo, kwa kuwa serikali imekwisha kutangaza azma ya kuiendeleza reli ya kisasa kutoka Naivasha kwenda Kisumu na Malaba, na hapa jijini Nairobi kuna mradi wa reli ya abiria kutoka Riruta hadi Ngong unaopita katikati ya makazi ya watu, naomba tuzungumzie suala ambalo sijaliona likipata uzi wake. Mfanyakazi akifukiwa na udongo, au kreni ikiangukia nyumba ya jirani, nani anapigiwa simu kwanza, nani anatoa amri eneo la tukio, na gari la wagonjwa linaingilia wapi?

Nimefanya kazi ya usalama katika miradi ya ujenzi kwa muda mrefu, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Magari ya wagonjwa hayatoshi, hilo tunalijua. Lakini hata yakiongezwa maradufu kesho, yataendelea kuchelewa, kwa sababu mradi wa reli huendeshwa kwa ramani moja ilhali waokoaji wa nje wanatumia nyingine, na ramani hizo mbili hukutanishwa kwa mara ya kwanza mtu akiwa tayari amelala chini ya zege.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiko mkanganyiko unakozaliwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa jukumu la reli. Jedwali hilohilo linazipa kaunti huduma za ambulensi na za zimamoto, na udhibiti wa majanga umeandikwa pande zote mbili. Kwa hiyo reli ni ya taifa, lakini moto ukiwaka juu ya tuta lake, gari la kuuzima linatoka kaunti. Katikati yupo mkandarasi, ambaye ndiye mwenye eneo la kazi hadi siku ya kulikabidhi, ana zahanati yake kambini na walinzi wake langoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa usalama kazini wa eneo hilo ndani ya saa 24 mtu anapofariki kazini, kisha atume taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Hapo utaratibu uko wazi kabisa. Dakika za kabla ya kifo hicho, ambazo ndizo zingeweza kukizuia, zimeachiwa mipango ya kila upande.

Sasa tazameni njia yenyewe. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilijengwa kupitia Taita Taveta, Makueni, Kajiado na Machakos, mbali na miji miwili ya mwanzo na mwisho. Kipande cha pili hadi Suswa, kilichofunguliwa Oktoba 2019, kina urefu wa takriban kilomita 120 tu, lakini kinagusa Nairobi, Kajiado, Kiambu, Nakuru na Narok. Kila kaunti ina chumba chake cha kupokea simu, magari yake, na bajeti ambayo haikuandaliwa kwa kufikiria maelfu ya vibarua waliohamia ghafla katika eneo lililokuwa la malisho. Msimamizi wa ujenzi hauoni mpaka wa kaunti. Dereva wa ambulensi anauona, kwa sababu akiuvuka ataulizwa kuhusu mafuta.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Watu wa ujenzi wa reli hutaja mahali kwa kilomita zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mradi. Akipiga simu, atasema, "Tuko kilomita sitini na tatu na mita mia nne, upande wa kulia." Upande wa kulia kwake ni wa mtu anayetazama kule namba zinakoongezeka. Anayepokea simu mjini atauliza, "Hapo ni karibu na shule gani? Soko gani?" Niliwahi kusikiliza mazungumzo ya aina hiyo katika mradi ambao sitautaja. Mpigaji alikuwa kibarua aliyetoka kaunti nyingine na hakujua hata jina la kijiji. Dereva wa ambulensi alikuwa mzaliwa wa hapo, anayejua kila njia ya ng'ombe, lakini namba ya kilomita haikumwambia lolote. Hatimaye gari lilifika, likiwa upande usiofaa wa tuta. Tuta lilikuwa na kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, na kalvati ya karibu, yaani njia ya zege inayopita chini ya tuta ambamo gari lingepitia, ilikuwa bado imejaa mbao na nguzo za kushikilia zege bichi. Wanaume sita walimpandisha majeruhi kwa machela juu ya udongo ambao haujashindiliwa, wakididimia hadi magotini, na wa mbele alipoteleza machela nzima ilirudi nyuma. Yule kijana alipona, na kwa kuwa alipona, hakuna aliyeandika kuhusu zile dakika za kulizunguka tuta.

Ninachopendekeza kinaanzia hapo. Kabla tingatinga la kwanza halijashushwa, kila mahali ambapo gari linaweza kuingia katika eneo la mradi papewe namba ya lango, na bango kubwa lisimikwe linaloonekana kutoka barabarani. Kwa kila lango iandikwe kadi moja yenye namba ya kilomita, jina ambalo wenyeji wanalitumia, alama za mahali za setilaiti, aina ya gari linaloweza kupita, na kama panapitika mvua ikinyesha. Nakala za kadi hizo ziwe kambini, kwenye chumba cha simu cha kaunti, kituo cha polisi, hospitali ya karibu, na kwa chifu. Kadi hizo zihakikiwe upya kila wiki, kwa sababu barabara za huduma katika ujenzi wa reli huhama; iliyopitika Ijumaa huenda Jumanne ikawa shimo la msingi wa nguzo ya daraja.

La pili ni amri. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sisi wa Nairobi tulishuhudia Septemba 2013, wakati wa shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, jinsi vikosi vinavyoweza kuingia katika jengo moja bila kuwa chini ya amri moja. Mfumo wa uongozi wa tukio unaotumika leo katika nchi nyingi ulibuniwa baada ya mioto ya misitu ya California ya mwaka 1970, ambapo ilibainika kwamba mashirika mengi yenye vifaa vizuri yalikwamishana kwa kukosa lugha moja na kiongozi mmoja. Kwa mradi wa reli, ningependa iwe hivi: msimamizi wa zamu wa mkandarasi ndiye kiongozi wa tukio hadi afisa wa uokoaji wa kaunti afike, hapo amri ikabidhiwe kwa kutamkwa mbele ya watu, na msimamizi abaki ubavuni mwa afisa huyo kama mjuzi wa eneo. Asiondoke kwenda kuandika ripoti. Yeye ndiye anayejua waya gani una umeme na lori gani lina baruti.

Naomba michango, hasa ya wale waliokuwa kazini.

MuuguziWaZamu

Ahsante kwa uzi huu, ndugu Afisa. Mimi niko upande wa kupokea, katika idara ya dharura ya hospitali iliyo kando ya barabara kuu, na nitazungumzia kile tunachokikosa mlangoni.

Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo tutampokea yeyote, awe na barua ya mwajiri au hana. Lakini kumpokea mtu na kuwa tayari kwa ajili yake ni mambo mawili. Majeruhi wa ujenzi wa reli hutufikia mara nyingi nyuma ya pikapu, bila simu ya mapema, akiwa ameketi kati ya wenzake wawili wanaomshikilia. Hatujui ameanguka kutoka kimo gani, wala amebanwa kwa muda gani.

Suala la muda wa kubanwa naomba nilieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu linaua watu ambao walitolewa wakiwa wanazungumza. Mtu ambaye mapaja yake yamelaliwa na udongo au boriti kwa saa kadhaa, misuli yake hufa polepole. Wakati uzito uko juu yake, uchafu wa misuli hiyo hubaki miguuni. Wenzake wakimfungua kwa furaha na kumvuta nje, potasiamu na mabaki ya misuli huingia kwenye damu kwa wingi. Moyo unaweza kusimama hapohapo, na akivuka hapo figo zinaweza kushindwa siku zinazofuata. Ndiyo maana wahudumu wa dharura hutaka kumwekea dripu ya maji ya chumvi kabla ya kumfungua, si baada. Hili haliwezekani ikiwa mhudumu anasubiri langoni akiulizwa kitambulisho na mlinzi huku vijana wakichimba ndani kwa majembe.

Kwa hiyo naongeza jambo katika pendekezo lako: mhudumu wa afya apelekwe hadi kwa majeruhi wakati uokoaji unaendelea, na mpangaji wa safari za magari awe mmoja. Lori la vibarua likipinduka, kila mwenye gari hukimbilia hospitali iliyo karibu zaidi. Tunapata watu thelathini kwa mara moja, wenye michubuko wakiwa wametangulia kwa sababu wanatembea, na aliyevunjika nyonga anafika mwisho. Wakati huohuo hospitali nyingine mbele kidogo ina chumba cha upasuaji kitupu.

FundiReli

Mimi nilikuwa ndani ya handaki, kwa hiyo nitasema niliyoyaona. Wengi humu wanajua kwamba kipande cha Nairobi hadi Suswa kina handaki la Ngong lenye urefu wa kilomita 4.5. Sisemi nilifanya kazi katika handaki lipi wala kwa nani, kwa kuwa lengo langu ni utaratibu.

Mlangoni mwa handaki letu palikuwa na ubao wa mbao wenye misumari mingi. Kila anayeingia hutundika kibati chenye namba yake, na akitoka hukichukua. Ukitazama ubao unajua waliomo ndani ni wangapi na ni akina nani. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mradi, na dari likiporomoka ndicho cha kwanza ambacho mwokoaji anakitaka, kwani bila hicho hujui kama unamtafuta mtu mmoja au tisa. Tatizo ni kwamba madereva wa malori ya kutoa kifusi hawakuwa wanatundika, maana wanaingia na kutoka mara nyingi. Wageni nao hawakupewa vibati. Na nyapara wetu mmoja alikuwa na mazoea ya kuviondoa vibati vyote kwa mpigo zamu inapoisha, ili zamu inayoingia ikute ubao safi. Siku moja umeme ulikatika wakati wa kubadilishana zamu, feni za kusukuma hewa zikazima, tukaambiwa tutoke. Tulipokusanyika nje, ubao ulionyesha hakuna mtu ndani, na bado tulikuwa tukisikia mtu akigonga chuma. Alikuwa mtu wa kupima, ambaye hakuwa wa zamu yoyote kati ya hizo mbili.

Lugha nayo ni hatari. Msimamizi anatoa amri kwa Kichina, mkalimani hayupo kila mahali, na kibarua anayejifunza kazi anaelewa kwa kutazama mikono. Kazi ya kawaida inakwenda hivyo. Katika dharura, mikono yote inapunga. Ningependa ving'ora viwe na maana inayojulikana na kila mtu kwa kusikia tu: mlio mrefu usiokatika ni kutoka nje, milio mifupi ni kusimama ulipo na kunyamaza ili waokoaji wasikilize. Na majaribio yafanywe wakati wa kazi, maana mlio unaousikia vizuri ukiwa kwenye mkutano wa asubuhi hausikiki karibu na mashine ya kutoboa mwamba.

Neno la mwisho kutoka kwangu ni kuhusu kuficha. Pale penye bango la kuhesabu siku zilizopita bila ajali, na posho ya kikosi kizima ikitegemea bango hilo, aliyekatwa kidole hushauriwa na wenzake aseme aliumia nyumbani. Mipango ya uokoaji inayoandikwa kwa kutegemea takwimu za namna hiyo itapanga magari mahali pasipo na hatari.

MhandisiMshauri

Nimesoma kwa makini na naheshimu uzoefu wenu, lakini kuna upande ambao haujasemwa. Miradi hii ina mipango ya dharura. Mkandarasi hawezi kuanza kazi kabla ya kuwasilisha mpango wa usalama na kukubaliwa na mhandisi. Mnaposema malango yatangazwe kwa kila mtu na kwamba afisa wa nje achukue amri akifika, mnasahau kwamba eneo la ujenzi linaua waokoaji kuliko mnavyodhani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 haipaswi mtu kuingia bila kifaa cha kupumulia, na ndani ya shimo refu au handaki ambalo feni zake zimezima inaweza kushuka zaidi ya hapo bila harufu wala dalili. Sote tumesikia habari za watu watatu kufia kwenye shimo la choo au kisima, wa pili na wa tatu wakiwa wameingia kumwokoa wa kwanza. Je, afisa wa zimamoto wa kaunti ndogo ana kipima hewa? Na ghala la baruti, nalo tuliandikie bango?

Zaidi ya hayo, kuna ajali ambazo uratibu wowote hauziwahi. Tarehe 2 Aprili 2021 huko Taiwan, lori la mradi wa kuimarisha mteremko liliserereka hadi kwenye reli inayotumika, na treni ya abiria ikaligonga kwenye mlango wa handaki baada ya muda wa zaidi kidogo ya dakika moja. Watu 49 walifariki. Katika dakika moja huwezi kupiga simu wala kumkabidhi mtu amri. Pale palihitajika ukuta imara wa kulizuia lori, na mimi ningependa fedha ziende huko.

AfisaUsalama

Ndugu Mhandisi, ahsante kwa kuweka mizani. Kuhusu waokoaji kuingia bila kupima hewa, nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana nilitaka msimamizi wa zamu abaki ubavuni mwa afisa wa kaunti. Kipima hewa ni cha mkandarasi, mjuzi wa kukitumia ni wa mkandarasi, na amri ya kwamba hakuna anayeingia kabla ya kipimo itatolewa na kiongozi mmoja ambaye umati unamsikiliza. Kuhusu ghala la baruti, haliandikiwi bango. Mahali pake panajulikana na polisi wanaotoa ulinzi. Kinachokosekana ni mkuu wa zimamoto wa eneo naye kulijua, ili asipeleke kikosi chake upande huo moto wa nyasi ukianza.

Ninapotofautiana nawe ni kuhusu mpango uliokubaliwa. Mpango huo umeandikwa na mkandarasi, ukasomwa na mhandisi, ukahifadhiwa kambini. Watu watakaoutekeleza saa nane usiku ni dereva wa kaunti, muuguzi wa zamu na polisi wa kituo cha karibu, na hao hawajawahi kuuona. Mpango ambao nusu ya watekelezaji wake hawaujui hauna tofauti na barua ambayo haikutumwa.

Mfano wako wa Taiwan ni mzito na sina la kuupinga. Ukuta hutangulia. Nami nitaongeza wa Singapore, kwa kuwa unaonyesha upande mwingine. Tarehe 20 Aprili 2004, shimo la ujenzi wa reli ya chini ya ardhi liliporomoka na kuimeza sehemu ya barabara ya Nicoll Highway. Watu 4 walifariki. Tume ya uchunguzi ilieleza kwamba dalili zilikuwepo kabla: vipimo vya ukuta kupinda vilikuwa vikizidi viwango, na siku yenyewe chuma cha kushikilia ukuta kilionekana kikianza kupinda. Mnaona kwamba dharura ile ilikuwa na muda mrefu wa kujitangaza. Uratibu ninaouzungumzia unaanzia hapo, kwa mtu mwenye kipimo kuwa na mamlaka ya kuwatoa watu shimoni na kuwataka polisi wafunge barabara, bila kwanza kuomba ruhusa ya meneja ambaye ratiba yake imechelewa.

MkaziWaRiruta

Naomba nasi wakazi tuingizwe katika mpango huu, kwa sababu ninyi wote mnamzungumzia mfanyakazi aliye ndani ya uzio. Reli ikijengwa, hatari hutoka nje ya uzio kwa njia ya maji.

Tarehe 29 Aprili 2024, watu zaidi ya 40 walikufa usiku karibu na Mai Mahiu. Habari za kwanza asubuhi zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ya zamani iliziba kwa magogo, mawe na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa kuyazuia. Tuta lile lilijengwa enzi za ukoloni. Sasa fikirieni tuta jipya ambalo kalvati zake, kama alivyosema Afisa, bado zimejaa mbao za zege wakati mvua za masika zinaanza. Mkazi wa chini ya tuta hana njia ya kujua. Hakuna namba ya simu kwenye uzio ya kumwambia mtu kwamba maji yamesimama upande wa juu.

Na wazee humu watakumbuka Januari 1993, mto Ngai Ndethya ulipofurika na kuliharibu daraja la reli usiku, treni ya abiria ya Mombasa ikatumbukia na watu zaidi ya 100 wakafa. Maji na reli si mambo mapya kwetu.

Hapa Riruta kituo cha zimamoto cha karibu ni cha Waithaka. Barabara za mitaa zikifungwa kwa ajili ya ujenzi, gari lile litapita wapi likiitwa kwenye nyumba inayoungua, hata kama moto huo hauhusiani na reli? Wenye bodaboda wanajua vichochoro vyote vilivyobaki wazi na vilivyozibwa tangu jana. Wanajua mapema kuliko ofisi yoyote. Mbona wasiombwe kusimama kwenye njia panda na kuongoza magari?

MuuguziWaZamu

Ndugu Mkazi, hilo la bodaboda ni sahihi, mradi wafundishwe kuongoza gari na kutombeba majeruhi wa mgongo katikati ya watu wawili. Nimewapokea wengi waliobebwa hivyo kwa nia njema.

MsomajiMpya

Naomba kuuliza kwa ufupi. Kwani namba za 999 na 112 hazitoshi, pamoja na 1199 ya Msalaba Mwekundu?

AfisaUsalama

Zitumike, na ziandikwe kwenye kila bango la lango. Lakini anayepokea 999 atahitaji kumpeleka mtu mahali, na hapo tunarudi kwenye kadi ya lango. Ninachoshauri ni kwamba aliye ndani ya mradi apige simu kwenye chumba kimoja cha mradi chenye mtu macho usiku na mchana, ambaye ndiye atazipigia huduma za nje akitaja namba ya lango na kumtuma mtu mwenye tochi akasimame pale. Mkazi wa nje apige 999 au 1199 na asome namba ya bango lililo karibu naye, na chumba cha mradi kijulishwe mara moja. Ndugu Mkazi, maji yaliyosimama nyuma ya tuta nayaingiza kama dharura kamili, yenye haki ya kupigiwa namba hiyohiyo ya mradi. Msimu wa mvua, kalvati zenye mbao ndani ziorodheshwe kila jioni na mtu atajwe wa kuzifungua wingu likitanda.

Kuhusu fedha, ambalo Mhandisi aligusia, tusijidanganye. Kitu ambacho hakina mstari wake katika orodha ya kazi na bei ya mkataba, mkandarasi hukipunguza mara tu fedha zinapobana, naye si mtu mbaya kwa kufanya hivyo. Mabango, redio zenye mawimbi yanayofika kwa zimamoto na polisi, mafunzo ya madereva wa kaunti, na mazoezi ya pamoja viwekewe bei tangu zabuni, vilipwe vikitendeka na visilipwe visipotendeka. Kaunti nazo zisaini makubaliano ya kuvuka mipaka, ili gari la Kiambu likiwa ndilo karibu zaidi na tukio la Kajiado liende, na hesabu ya mafuta ifanywe baadaye na watu wa ofisini.

Mazoezi hayo yafanywe angalau mara moja usiku, na mara moja mvua ikinyesha. Zoezi la saa nne asubuhi mbele ya wageni wenye helmeti mpya halijawahi kunifundisha lolote.

MhandisiMshauri

Nikubali kwamba mstari wa bei ni njia ambayo mhandisi anaweza kuisimamia, kwa sababu nitatia saini malipo baada ya kuona zoezi limefanyika. Kwa kazi iliyo karibu na reli inayotumika, kama itakavyokuwa popote njia mpya inapoungana na ya zamani, ongezeni simu ya moja kwa moja kwa waongoza treni. Isipitie kwa meneja wala kambini. Aliyeona lori limeteleza ndiye apige, na aliyepokea asimamishe treni kwanza, maswali baadaye.

FundiReli

Na kwenye kadi ya lango, Afisa, andika kimo na upana wa kalvati au daraja ambalo gari litapita chini yake. Ambulensi ndogo itapita mahali ambapo gari la zimamoto lenye ngazi juu litakwama, na likikwama hapo limewafungia njia wote walio nyuma yake.

AfisaUsalama

Nimeiongeza, pamoja na uzito ambao daraja la muda linaweza kubeba. Anayetaka kuichambua rasimu ya kadi anitumie ujumbe wa faragha, na ningefurahi zaidi nikipata madereva wa ambulensi kutoka Nakuru na Kericho, kwani kama reli itaendelea kuelekea Kisumu, wao ndio watakaokuwa wakiitafuta "kilomita mia na kitu" katika kijiji ambacho mpigaji simu hakijui jina.